Mpiganaji wa Thailand Atua Kirumba

Mtu akishindwa kulipa deni la kunyoa, Mwanza hii, ataleta visingizio, ataleta sato, akizidiwa kabisa ataleta dagaa. Mdeni wangu mmoja aliniletea samaki hai kwenye mfuko wa plastiki, rangi ya zambarau iliyoiva, mapezi yanaburuzika.

"Beta huyo," akasema huku anakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Mpiganaji wa Thailand. Deni limekwisha. Na leo uninyoe vizuri kaka, naenda Sengerema kumposea mdogo wangu."

Saluni yangu iko Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo wateja wangu wengi ni watu wa samaki. Swali lao la kwanza lilikuwa bei ya kilo.

Tangi langu liko pembeni ya kioo kikubwa. Ndani wanaishi gapi, wale wadogo wenye mikia ya maua, pamoja na furu mmoja ambaye mtoto wa jirani alimnasa kwenye mawe ya ziwani. Furu alikuwa amejichukulia chungu kilichovunjika, yumo humo, hana neno na mtu. Watoto wa gapi walikuwa wanapungua, lakini ushahidi haukuwepo.

Mdeni akatoa masharti. Mfuko uelee kwanza juu ya maji kama dakika 15 ili joto lilingane. Madume wawili wa beta wasikae pamoja, watauana.

"Na hawa wengine?" nikauliza.

"Hao ndio wa kuwaonea huruma."

Nikamfunga shuka, nikawasha mashine. Wakati huo akaingia mzee mmoja aliyewahi kuvua miaka mingi, akatupa salamu yake ya Kisukuma, "Mwangaluka!", akavuta kigoda mpaka mbele ya tangi. Muda ulipotimia, kijana wangu wa kufagia akamfungulia mgeni mlango.

Beta akapanda juu, akatoa mdomo nje ya maji, akameza hewa. Akarudia tena.

"Anazama!" mteja mmoja akapiga kelele.

"Samaki anazamaje wewe?" mzee akamkata. "Kamongo hafanyi hivyo hivyo? Anavuta pumzi."

Mzee alikuwa sahihi. Beta ana kiungo kichwani cha kuvutia hewa ya juu, ndiyo maana kwao anaishi hata kwenye majaruba ya mpunga, maji yaliyotuama.

Alipomaliza kuvuta pumzi akajiona kwenye kioo. Lo! Mashavu yakafunguka, mapezi yakatanda kama khanga iliyoanikwa siku ya upepo. Saluni nzima ikashangilia. Kisha akageuka, akaona gapi. Kwa beta, mkia mrefu wa rangi ni dume mwenzake kaja kutafuta ugomvi, akaanza kuwatimua kona hadi kona. Watu walishaanza kuwaombea.

Ndipo furu akatoka chunguni. Mdogo, mweusi mweusi, hana hata pezi la kujivunia. Mteja mmoja akasema, "Mtoeni huyo, ataliwa."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Sangara waliletwa ziwa hili tangu miaka ya 1950. Kufika miaka ya 80 walikuwa wamewamaliza furu karibu wote. Huyu ni wa ukoo uliobaki kwenye mawe. Aliyemshinda sangara ataogopa mwenye gauni?"

Furu hakutunisha chochote. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya Mthailandi, akang'ata mkia, akaondoka na kipande.

"Anakula samaki wangu!" Mdeni akageuka ghafla kumwokoa mpiganaji wake, na mashine ikapita. Mstari ukatoka sikioni ukaishia utosini, safi, umenyooka, ungeweza kupitisha bodaboda.

Kimya kikatanda. Hata furu alisimama.

"Umenichora barabara kichwani!"

"Kaka, mashine ilikuwa palepale. Kichwa ndicho kilichokata kona." Na msimamo wangu ni huohuo mpaka leo.

Dawa ilikuwa moja, kipara. Zamani angesingizia foleni ya kivuko asiende, lakini siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, sababu zimekwisha. Akaenda. Huko ukweni, aliniambia baadaye, walimpokea kwa sauti za chini, wakampa pole, na mama wa binti akauliza marehemu alikuwa nani wake. Barua ya posa ikabidi isubiri mpaka aeleze habari za samaki, na maelezo yenyewe hayakusaidia.

Sasa anadai kwamba mimi ndiye mdeni.

Beta yuko kwenye mtungi wake wa kioo, peke yake. Mapezi yanaota upya, huwa yanaota maji yakiwa safi. Nimebandika gazeti kati yake na kioo maana akijitazama kutwa atajichosha bure. Jioni wateja wakijaa tunalifunua kwa dakika chache na watu wanawekeana soda. Mzee huwa anamwekea yule wa kwenye kioo. Anasema huyo hana rekodi ya kupigwa.