Usukani wa Ndege Ukicheza, Usikimbilie Kukaza Waya

Kijana mmoja anayesomea urubani aliniambia juzi kwamba usukani wa ndege anayojifunzia unacheza. Anaugeuza kidogo kushoto, kidogo kulia, na aileroni, vile vibapa vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande, hazijasogea. Akamwuliza mwalimu wake. Akajibiwa, "Hizi Cessna za zamani ndivyo zilivyo, utazoea." Hasira iliyonishika siku ile haijapoa, ndiyo maana naandika.

Cessna 172 ilianza kuuzwa mwaka 1956, na nyingi tunazofundishia vijana wetu ziliundwa kabla ya 1986, kiwanda kiliposimamisha kuzitengeneza kwa miaka kadhaa. Ni kuukuu, nakubali. Lakini kila kinacholegea ndani ya ndege kina jina na kina mahali pake: beringi ya ncha ya rodi, bushi (mkebe mdogo ndani ya kiungo), pini ya bawaba, puli (gurudumu dogo linalopitisha waya), na waya wenyewe unaotoka kwenye usukani. Anayesema "ni uzee tu" hajatafuta.

Anayeniudhi kuliko mwalimu huyo ni fundi wa kukaza. Anaambiwa usukani umelegea, anafungua kifuniko, anakiona kikaza waya, anakizungusha mara mbili tatu. Usukani unakuwa mgumu mkononi, rubani anafurahi, ndege inaondoka. Ugonjwa umebaki palepale, na sasa umefunikwa. Waya uliokazwa kupita kiasi huongeza msuguano, na msuguano huo huficha plei, yaani ule mchezo wa kiungo kilicholegea, hata mkono usiihisi. Puli nazo zinabanwa, beringi zake zinakufa mapema, na bushi iliyokwisha kulika inaendelea kulika.

Plei hutafutwa na watu wawili. Mmoja akae ndani, aushike usukani kwa mikono yote miwili usisogee hata kidogo. Mwingine asimame nyuma ya bawa, ashike ukingo wa aileroni kwa vidole, auinue na kuushusha taratibu. Waya ukiwa umelegea, aileroni inasogea kwa ulaini, kama inavuta kitu chenye mnyumbuko. Plei ya kiungo husogea ghafla, ikagota, mara nyingi na mlio mdogo. Mkono uliozoea haukosei tofauti hiyo.

Ukiusikia mgoto, fungua vifuniko vya chini ya bawa ufike kwenye mkono unaopokea waya na kusukuma rodi ya aileroni. Hapo ndipo subira inapotakiwa. Weka kidole juu ya kiungo, nusu yake upande huu na nusu upande ule, mwenzako atikise aileroni. Kiungo kisicholika kinasogea pamoja. Kiungo kilicholika utakisikia pande zake mbili zikipishana chini ya kidole. Nenda kimoja baada ya kingine: bawaba, ncha ya rodi, boliti ya mkono, kila puli, hadi kwenye viungo vya shina la usukani nyuma ya dashibodi. Kulika kidogo kwa kila kimoja hujumlishwa, kwa hiyo usisimame ukipata cha kwanza.

Waya wenyewe pitisha kitambaa, usipitishe kiganja kitupu. Nyuzi zilizokatika zitanasa kitambaa. Kisha ulegeze na uukunje taratibu pale unapopita kwenye puli, kwa sababu waya wa nyuzi 133 unaweza kukatika nyuzi za ndani huku nje unang'aa. Puli izungushwe kwa mkono. Niliwahi kukuta puli iliyokwama kabisa, waya umeichimba mfereji upande mmoja kwa kuteleza juu yake bila kuizungusha. Kitabu cha ndege hiyo kilikuwa na "waya umekazwa" mara kwa mara, kila mara na sahihi. Hakuna aliyeandika neno puli. Ilinisikitisha sana, maana kila aliyesaini alipita sentimita chache tu kutoka kwenye jibu.

Kuna wakati kosa ni la waya kweli. Waya mpya hurefuka kidogo baada ya kufungwa, na lazima upimwe tena. Sawa. Lakini upimwe kwa kipimo cha mkazo, kwa namba ya kitabu cha matengenezo cha modeli hiyohiyo, na kwa kuzingatia joto. Hili la joto linatuhusu sana huku kwetu. Bawa ni alumini, waya ni chuma, na alumini hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma cha kawaida. Ndege iliyorekebishwa adhuhuri ya Lamu, ikilala uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenye mwinuko wa zaidi ya futi 5,500 asubuhi ya Julai, itaamka na waya uliolegea bila mtu kuugusa. Kwa mabawa ya mita 11 kutoka ncha hadi ncha na tofauti ya nyuzijoto 20, tunazungumzia milimita mbili hivi. Iacheni ndege ndani ya hanga mpaka joto lake lilingane na la hewa, ndipo mpime.

Chumvi ya pwani inakula waya, na vumbi la viwanja vya mbugani likichanganyika na grisi linasaga beringi. Fungeni usukani kwa kifungo chake ndege inapoegeshwa, upepo usizipigepige aileroni na eleveta (vibapa vya mkiani vinavyoinua na kushusha pua) usiku kucha. Na kile kibapa kidogo cha trimu kwenye eleveta, kinachompunguzia rubani uzito wa usukani, kikiwa na plei kupita kipimo, ndege isiruke, kwa sababu kinaweza kuanza kupapatika hewani na kuvunja mkia.

Wanaoona natia chumvi waisome ajali ya ndege ya shirika la Air Midwest ya Januari 8, 2003, Charlotte, Marekani. Ilikuwa Beechcraft 1900, aina ambayo wengi wetu tumeipanda. Siku mbili kabla, mafundi walikuta mkazo wa waya wa eleveta uko chini, wakaukaza kwa kikaza waya. Fundi alikuwa akijifunza kazi hiyo, msimamizi wake akamruhusu aruke hatua kadhaa za kitabu, na hakuna aliyepima baadaye kama eleveta inafika mwisho wa mwendo wake. Haikufika: uwezo wa kushusha pua ulikuwa umepungua karibu nusu. Ndege iliruka safari kadhaa salama, hadi ikapakiwa mzigo mzito nyuma. Watu 21 walikufa, wote waliokuwa ndani.

Kwa hiyo kazi ya usukani haiishi spana inapowekwa chini. Kila kitu kipimwe tena kutoka mwisho hadi mwisho, na mtu wa pili ambaye hakuigusa kazi akague kwa macho yake, pamoja na pini za usalama na waya wa kufungia. Kisha shika usukani kidole gumba kikitazama juu, ugeuze: kidole gumba lazima kielekee aileroni iliyoinuka. Mwaka 2018 ndege aina ya Embraer ya Air Astana, shirika la Kazakhstan, ilitoka matengenezoni Ureno waya za aileroni zikiwa zimebadilishana, na marubani walipigana nayo zaidi ya saa moja kabla ya kutua Beja, hukohuko Ureno.

Gharama naijua. Vipuri vinatoka Marekani, vinalipiwa dola na ushuru, na ndege iliyolala haiingizi shilingi. Wenye ndege wana haki ya kulalamika. Hawana haki ya kumsukuma fundi aandike "imerekebishwa" kabla hajajua kilicholegea.

Na wewe mwanafunzi, usiandike "usukani umelegea" halafu ukaenda zako. Andika usukani unasogea kiasi gani kabla aileroni haijaitika, ni katika kuuzungusha au katika kuusukuma na kuuvuta, unagota au ni laini, asubuhi ya baridi au mchana wa jua, na chini au angani. Weka tarehe na sahihi, na usipande ndege hiyo mpaka fundi mwenye leseni ajibu kwa maandishi kwenye ukurasa huohuo ni kiungo gani amekikuta kimelika.