Wokshopu za kuchora bila kuelekezwa: watoto wanajifunza au tunalipia michirizi?

Likizo ikifika hapa Dar matangazo ya wokshopu za kuchora yanaanza kuzunguka kwenye magrupu ya wazazi, msanii anatandika mikeka, anamwaga krayoni, mkaa na karatasi za manila, halafu hakuna cha "chora embe", kila mtoto achore anavyotaka. Mzazi kalipa, jioni mtoto karudi na michirizi ambayo hata ukiigeuza juu chini ni ile ile. Hapo ndo maneno yanapoanza.

Wanaolalamika kwamba mtoto hakufundishwa kitu tusiwabeze, maana hoja wanayo. Uchoraji wa Tingatinga, sanaa iliyoipa Dar jina, haikuanza kwa mtindo huo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora kule Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, rangi za baiskeli juu ya hadibodi, waliomfuata, baadhi yao ndugu zake, walijifunza kwa kukaa pembeni yake na kuiga anavyofanya. Alipofariki 1972 wenzake walishaishika kazi, na mpaka leo pale Morogoro Stores, huko huko Oysterbay, kuna watu wanaendesha familia kwa brashi. Wangeambiwa wachore wanachojisikia tu sijui kama tungekuwa na cha kuongelea.

Ila wale walikuwa watu wazima wanatafuta riziki, picha lazima mteja ainunue. Mtoto wa miaka 5 hauzi kitu bana. Na kuiga kukianza mapema matokeo tunayo, mwambie mtoto yeyote wa darasa la nne achore mazingira, utaletewa milima miwili, jua linachungulia katikati, mto na nyumba ya paa la pembetatu, na huyo mtoto kazaliwa Tandale, mlima hajawahi kuuona, bajaji, foleni ya maji, nguo zilizoanikwa uani, hamna hata kimoja!

Wazo lenyewe la kuwaacha huru si la jana. Msanii na mwalimu Franz Cizek alifungua darasa la kuchora la watoto huko Vienna, Austria, mwaka 1897, akawa hataki waige kazi za wakubwa. Cha kuchekesha ni kwamba baadaye wakosoaji wakasema picha za wanafunzi wake zinafanana fanana, yaani ladha ya mwalimu ilipenya hata asipotoa amri. Kwa hiyo msanii anayesema "mimi siwaelekezi kabisa" mimi simwelewi, watoto wanaangalia amesifia ipi na ipi kaipita kimya.

Wokshopu nzuri ina mchezo wenye sheria kali, mwisho wake ndo haujulikani. Mfano ule ambao wasanii wa Paris waliucheza miaka ya 1920, unachora kichwa, unakunja karatasi, mwenzako anachora kiwiliwili bila kuona cha kwako, mwingine miguu. Au funga mkaa kwenye fimbo ndefu mtoto achore akiwa amesimama, au chora mlio wa bodaboda. Hapo hata akitaka kuiga ataiga nini wakati hicho kitu hakuna aliyewahi kukiona? Hiyo ni kazi, inataka maandalizi, tofauti kabisa na yule anayemwaga rangi afu anakaa pembeni na simu. Huyo wa simu mdai hela yako.



Uhuru huu unapogoma kweli ni kwenye miaka 9, 10 hivi. Umri huo watoto wengi wanaanza kutaka picha ifanane na kitu chenyewe, ikikataa wanaichana na wengine wanaacha kuchora moja kwa moja. Sasa mtoto wa hivyo kakuuliza vidole vinachorwaje wewe unamjibu "vyovyote tu, jiachie", hapo umemtelekeza. Huyo kaa naye mkekani kama walivyokaa wale wa Oysterbay, uchore mkono aone, naye auige wako.