Kupanga kioo chako ni wizi?

Pale Kabwe, hapa Mbeya, kwenye kibanda kimoja cha kuchajia simu ambacho vijana wamekigeuza kijiwe cha gemu, juzi nusura wawili washikane mashati. Mmoja alikuja na laptopu, anacheza gemu ya mtandaoni iitwayo Old School RuneScape kupitia RuneLite, ile programu ya nje inayokuachia upange kioo utakavyo: mzigo wa thamani ukianguka chini unaandikwa jina lake kwa rangi, vigae unavyotaka kukanyaga unavichorea mipaka, saa ya kuhesabia unaiweka kona unayoitaka. Mwenzake anacheza gemu hiyohiyo kwa simu. Alichungulia kioo cha jirani, akatazama cha kwake, akasema, "We jamaa mwizi tu."

Neno hilo nimelisikia kwa miaka na sijawahi kulimeza. Hoja iliyo nyuma yake naielewa. Gemu ya watu wengi mtandaoni ni mashindano hata pale ambapo hupigani na mtu, maana mali unayoivuna wewe haraka inaishusha bei ya mali yangu sokoni. Basi wote tuanze na kioo kimoja, kile kilichotoka kiwandani, na anayekiongezea chochote ajue amejipa jicho la tatu. Anayesema hivi si mjinga, wala simwiti mwenye wivu. Shida ni kwamba anadhani kioo cha kiwandani kinamfikia kila mtu kikiwa kilekile.

Tufanye hesabu. Seva ya Old School RuneScape haitekelezi amri yako papo hapo. Inazikusanya amri na kuzitekeleza kila baada ya sekunde 0.6, kipande ambacho wachezaji wanakiita tiki. Milisekunde 600. Yapo mapigano ambayo bosi, yaani adui mkubwa wa gemu, akifanya jambo lake, jibu lako linatakiwa liwe limefika kabla ya tiki inayofuata. Sasa anza kutoa. Mimi nikiwa Forest hapa Mbeya, nikaingia seva ya Uingereza, ujumbe kwenda na kurudi unanichukulia milisekunde 200 hivi, tena siku ambayo mtandao umeamka vizuri. Sehemu ya muda huo huwezi kumlaumu mtu: ndani ya mkongo mwanga husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Mbeya hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, ilhali mikongo ya baharini inazunguka bara zima. Zimebaki 400. Kuona jambo na kuliitikia kwa kidole kunamla mtu wa kawaida robo sekunde, yaani 250. Zimebaki 150. Kijana aliyekaa Manchester, ambaye ujumbe wake unakwenda na kurudi kwa milisekunde 20, kwa hesabu hiyohiyo anabaki na 330. Zaidi ya mara mbili ya zangu, na wote tunaambiwa tuna kioo kimoja.

Hizo 150 ndizo za kutafutia. Kutafuta kitufe kilipo, kutambua kigae kipi kina hatari, kusoma namba iliyoandikwa kama mguu wa sisimizi. Anayesogeza kitufe karibu na kidole chake hajaiongezea tiki hata milisekunde moja. Amerudishiwa kijisehemu cha kile alichokatwa njiani. Hata huko kurudishiwa kuna kikomo: Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu kwa pamoja na nchi nzima ikabaki inakodolea kiduara kinachozunguka, RuneLite haikumwokoa mtu.

Halafu kuna mambo ambayo mtengenezaji wa gemu hii aliyekaa Cambridge, Uingereza, hawezi kuyawaza. Mwezi wa saba pale Uyole, asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Kitufe chenye ukubwa wa punje ya mchele wa Kyela unakigusaje? Rafiki yangu wa Kihesa, Iringa, hatofautishi nyekundu na kijani. Kwenye ramani ndogo ya gemu hii, nukta nyekundu ni mzigo ulio chini na nukta ya kijani ni rafiki yako. Kwa miezi alikuwa anawakimbilia marafiki akidhani ni mali (tulicheka sana, tukadhani ni tabia). Siku alipozibadilisha rangi zile kwa RuneLite, alianza kucheza gemu ambayo sisi wengine tulikuwa tunaicheza tangu mwanzo. Huyu naye ni mwizi?

Dereva wa basi linalotoka huku juu, kabla hajaanza kuushuka mlima Kitonga, husogeza kiti, hurekebisha vioo vya pembeni, huvuta pazia la jua. Trafiki hana habari naye. Akichomoa kile kifaa cha LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, kinachofuatilia mwendo wake, hapo amejitafutia kesi. Vyote viwili ni kugusa kitu ndani ya gari lilelile, na hakuna abiria anayevichanganya.

Jagex, wenye RuneScape, ilibidi wapigiwe kelele na wachezaji wao ndipo waanze kuvitenganisha. Mwaka 2018 waliitaka RuneLite ifungwe, kisha wakaelewana nayo. Mwaka 2021 wakamzuia mtengenezaji wa 117HD, nyongeza ya kuboresha picha tu, siku chache hazikupita wakarudi nyuma kwa sababu wachezaji waliandamana ndani ya gemu yenyewe. Sasa wana makatazo yaliyoandikwa, na mengi naona yamekaa vizuri. Programu ya nje hairuhusiwi kukwambia uwashe sala gani (ndivyo gemu inavyoziita kinga zake) wakati bosi anakupiga. Kuonyeshwa bosi vizuri ni halali yako. Kuambiwa la kufanya ni kuchezewa gemu na mtu mwingine.

Mpaka wenyewe una sehemu zenye ukungu, nakiri. RuneLite inapoandika jina la mzigo ulio chini, inaweza kuandika na bei yake ya sokoni. Jina ni kuona. Bei tayari ni ujuzi, na mchezaji mkongwe aliukalia miaka kuupata. Hapo ndugu yangu wa simu akininyooshea kidole, nitajikuna kichwa.

Na upande wake una hoja moja nzito kuliko zote alizozitoa pale kibandani. Inatoka kwenye World of Warcraft, gemu nyingine ya watu wengi mtandaoni. Blizzard, wenye gemu hiyo, waliruhusu nyongeza za kioo tangu gemu ilipotoka mwaka 2004, zikiandikwa kwa lugha ya Lua. Muda si mrefu kukawa na Decursive: mponyaji anabonyeza kitufe kimoja, nyongeza inachagua nani aondolewe sumu na kwa dawa ipi. Desemba 2006 Blizzard wakaifungia njia hiyo. Mwaka 2010 wakaizima nyingine, AVR, iliyokuwa inachora alama juu ya ardhi ya gemu. Kila walipoziba tundu, panya akatoboa pengine, hadi ikafika WeakAuras na Deadly Boss Mods, nyongeza za kumtahadharisha mchezaji juu ya yanayotokea vitani, ambazo makundi mengi yalikuwa hayakuchukui vitani kama huna.

Tatizo hili kila mzazi wa Kitanzania analijua kwa jina la tuisheni. Ilianza kama msaada kwa anayesuasua. Watoto wengi walipoanza kwenda, mwalimu akaona darasa zima linaelewa haraka, akapunguza maelezo. Sasa asiyekwenda tuisheni haelewi kitu darasani. Blizzard walikuwa wanatunga mabosi wagumu wakijua wachezaji wana nyongeza, na wachezaji wakaweka nyongeza kwa sababu mabosi ni wagumu. Anayeumia ni mgeni aliyelipa dola 14.99 za mwezi, akaingia na kioo cha kiwandani, akakuta mtihani umetungwa kwa ajili ya wengine. Kwa hiyo mwaka 2025 walipotangaza kwamba kuanzia toleo la Midnight nyongeza hazitaweza tena kusoma na kuchambua yanayoendelea vitani, na watengenezaji wa WeakAuras wakasema hawataendelea na toleo hilo, sikulia. Nadhani walichelewa.

Ila angalia walichokiacha. Kusogeza vitufe, kubadili ukubwa, kuchagua cha kuonekana na cha kufichwa: hayo hawakuyagusa, na wao wenyewe walishayaingiza ndani ya gemu mwaka 2022, toleo la Dragonflight. Miaka 18 baada ya gemu kutoka! Miaka yote hiyo kazi ilifanywa na watu wa nje, ambao tangu 2009 kanuni inawakataza kuuza nyongeza zao. Wenye gemu nyingine, Final Fantasy XIV, wanakataza programu zote za nje, lakini nao wanakuachia upange kioo kwa zana za ndani ya gemu. Hata wakali wa sheria wamekubali kwamba kioo ni cha anayekitazama.

Kilichobaki ni uchungu halisi wa yule kijana wa Kabwe, nao hauhusu wizi. RuneLite inakaa kwenye kompyuta. Kwenye simu haipo, na vijana wengi wa Mbeya wanacheza kwa simu, kwa bando la kuungaunga. Kila nyongeza inayopendeza kwenye laptopu inamsogeza mbele jirani yake na kumwacha yeye palepale. Dawa ya hilo sidhani ni kumnyang'anya mwenye laptopu. Jagex wameshaanza kuingiza baadhi ya mambo hayo kwenye programu yao rasmi, ya simu ikiwemo, na kelele zetu zingeelekezwa huko: harakisheni, na kwenye simu ndogo kwanza. Mkijaribu kuitafutia simu RuneLite ya vichochoroni, mtafungiwa akaunti au mtaibiwa, na hapo ndipo mtamjua mwizi ni nani.

Kuna katazo moja la Jagex ambalo bado linanikera. Nyongeza haziruhusiwi kukuza eneo la kubonyeza kwenye begi la vitu na kwenye kitabu cha uchawi. Sababu yao ninaiona: eneo likiwa kubwa, mpiganaji anabadili silaha haraka kuliko anayepigana naye. Huko kwenye kupigana mtu na mtu, walizuie. Lakini mtu aliye peke yake mtoni, anavua samaki, vidole vimemganda, akikosea kubonyeza mara tatu kwa sababu kisanduku ni kidogo, anamshinda nani?