Ubongo Hauombi Mafuta kwa Mtu

Shangazi yangu ameacha vidonge vya kolestro. Daktari hakumwambia aache. Ni ile sauti iliyozunguka kwenye kundi la familia, ya bwana asiyejitaja jina, akieleza kwa utulivu kabisa kwamba ubongo ni mafuta, statini (ndivyo vidonge hivyo) inaondoa mafuta, kwa hiyo statini inaleta Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Chini yake watu wamejaza emoji za mikono. "Ahsante daktari!" Daktari yupi? Nilipomuuliza shangazi, akanijibu, "Lakini mwanangu, anaongea vizuri."

Anaongea vizuri, ndiyo. Na ni kweli ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili lakini umebeba karibu robo ya kolestro yote. Alichoruka ni kwamba kolestro hiyo ubongo unajitengenezea wenyewe. Ile ya kwenye damu karibu yote haivuki kuingia humo. LDL, yaani ile kolestro mbaya ya kwenye damu, ikizidi, inachofanya ni kuharibu mishipa, ikiwemo inayoulisha ubongo huohuo anaoutetea.

Halafu ile hoja kipenzi ya wanaopinga statini: mbona kuna wazee wenye kolestro ya juu na akili zao timamu? Hapa ndipo napandwa na hasira, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukipima watu wakiwa wameshazeeka, mara nyingi uhusiano wa kolestro na Alzheimer huuoni, pengine hata unageuka. Lakini Alzheimer haianzi siku mtu anaposahau jina la mjukuu. Huanza kimyakimya miaka mingi kabla, na katika miaka hiyo mgonjwa huanza kukonda, na kolestro yake hushuka. Ukimpima wakati huo utasema kolestro ya chini ndiyo iliyomponza, kumbe ugonjwa ndio ulioishusha! Muulize ilikuwaje alipokuwa na miaka 50. Watafiti wa Finland waliwafuatilia watu tangu umri huo kwa takriban miaka 20, na mwaka 2001 wakaripoti kwamba waliokuwa na kolestro ya juu walipata Alzheimer zaidi. Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ikaiingiza LDL ya juu ya umri wa kati katika vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa vya demensia (kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, ambako Alzheimer ndiyo aina yake kuu), ikikadiria inachangia asilimia 7 ya visa.

Aliyerithi APOE4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer, ana mzigo wake mwingine. Huo haushushwi na kidonge.

Haya, nikubali kwa shingo upande: statini zilizoanzishwa uzeeni hazikuonyesha kuzuia demensia kwenye majaribio makubwa. Na mwaka 2012 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza maelezo ya dawa hizo yataje kusahau na kuchanganyikiwa. Wanaipenda sana sentensi hiyo. Inayofuata, kwamba kwa kawaida hali hiyo si kali na huisha dawa ikiachwa, hawaisomi.

Kidonge kikikusumbua, mrudie aliyekuandikia. Dozi hupunguzwa, statini ziko za aina nyingi, na zipo dawa za kolestro ambazo si statini kabisa.