"Tovuti Bila Kikomo" Ni Maneno ya Konda

Arusha hapa kila kampuni ya utalii, yenye magari kumi au yenye simu ya mkononi tu, ina tovuti. Ndiyo maana vijana wetu, kuanzia Njiro hadi Sakina, wanakodi seva moja ya Linux huko ng'ambo na kuuza vifurushi vya "tovuti bila kikomo", yaani mteja aweke humo tovuti nyingi atakavyo. Ni kama vifodi vya Kwa Mrombo: kwa konda, gari halijai.

Apache, programu ya kwenye seva inayowapa wageni kurasa za tovuti, yenyewe haina ugomvi na idadi. Tangu ilipokuja HTTP/1.1, toleo la lugha ya kivinjari na seva, mwaka 1997, kivinjari hutaja jina la tovuti kinayoitaka, hivyo anwani moja ya IP inabeba mamia ya majina. Pa kukwamia ni padogo mno: faili zilizo wazi. Linux huuwekea kila mchakato (programu inayokimbia) ukomo wa faili unazoweza kufungua kwa wakati mmoja, na kwenye mifumo mingi ukomo huo, usipoguswa, ni 1024. Sasa ipe kila tovuti logi (faili la kumbukumbu) yake ya wageni na logi yake ya makosa. Tovuti 500 zimeshakula faili 1000 kabla hajaingia mgeni hata mmoja, na kila mgeni akiunganishwa naye anahesabiwa kama faili. Siku unaongeza mteja mwingine, unaiwasha upya Apache, inagoma, na tovuti zote zinalala pamoja. Iwe Julai, watalii wakitafuta safari ya Serengeti, simu utazizima mwenyewe.

Wengi hukimbilia kupandisha ukomo kwa amri ya ulimit. Inasaidia, sikatai. Ila mimi naona logi mia tano ni mbwembwe. Andika logi moja ya wageni, weka %v mwanzoni mwa LogFormat, mpangilio wa mistari ya logi, ili kila mstari uanze na jina la tovuti yake, kisha usiku uitenganishe kwa split-logfile, programu inayokuja na Apache yenyewe.

Na hata hapo bado kuna PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, inayotafuna RAM, na hifadhidata ya MySQL ambayo isipobadilishwa hukubali miunganisho 151 tu. Hiyo ni ya tovuti zote kwa jumla! Programu-jalizi moja mbovu ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, inatosha kuwanyima majirani wote.

Ningekuwa nauza mimi, tangazo langu lingetaja michakato ya PHP mingapi, RAM kiasi gani na miunganisho ya hifadhidata mingapi. Idadi ya tovuti angejipangia mteja.