Omena ya Watu, Omena ya Kuku

Machi ikifika, mwenye pesa kidogo na akili timamu hununua omena, yaani dagaa. Hanunui kikombe wala fungu la mama mboga. Hununua kwa gorogoro, lile kopo kubwa la kupimia sokoni, tena gorogoro kadhaa, kwa sababu kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa Ziwa Victoria ili samaki wazaane kwa raha zao, na huku Nairobi kile kinachobaki sokoni hupanda bei hadi mtu anajiuliza kwa nini asile tu kuku. Mimi ni mtoto wa Mbita, Homa Bay. Haya niliyajua kabla ya kujua kusoma.

Mume wangu ni wa Nyeri. Kwake samaki ni kitu cha kutazamwa kwenye kalenda, na omena ndiyo kabisa. "Siwezi kula chakula kinachonitazama," husema, "tena macho mia mbili kwa sahani moja." Lakini mwaka ule kazini kwake walikuwa wameanza kulipa mshahara nusu nusu, na mwenye kushika pesa za jikoni nilikuwa mimi. Nyama ikawa ya mwisho wa mwezi. Mkate ukatuaga. Maharagwe yakawa yanalowekwa usiku kucha yasimalize gesi, ndengu zikapata siku zao, managu na kunde zikaingia zamu na sukuma wiki. Mtu asinihurumie, tulikuwa tunakula vizuri. Ila ugali ulikuwa unadai mwenzake, na kwa pesa ile hakuna cha kuishinda omena. Huliwa na mifupa yake, na kwenye mifupa ndiko kuna yale madini ya chokaa ambayo wenye nazo huyanunua kwa vidonge.

Basi nikaenda Gikomba Alhamisi moja alasiri. Mama muuzaji akanipima kwa macho kuanzia viatuni.

"Ya watu au ya kuku?"

Asiyejua asicheke. Omena iliyokaushwa vizuri juani hung'aa rangi ya fedha, ukiikunja inakatika, ukiipepeta haikuachii ufuo mzima kwenye ungo. Hiyo ndiyo ya watu. Iliyonyeshewa ikiwa bado kwenye mchanga, ikageuka kahawia na kupondekapondeka, hiyo husagwa ikawa chakula cha kuku na nguruwe.

"Ya watu, mama," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa kidogo.

Akanipimia gorogoro tano, akaongeza konzi moja ya nyongeza, akafunga gunia. Nikatoka pale nikiwa tayari nimeshapika hadi Julai kichwani: za kukaanga kavu, za mchuzi wa nyanya na dania, za maziwa Jumapili.

Mvua ilinikuta Muthurwa. Masika ya Nairobi hayapigi hodi, na gunia si mwavuli. Nilipopata matatu ya South B, nauli ilikuwa imeshapanda maradufu, nayo omena ilikuwa inachuruzisha maji ya kahawia kwenye viatu vya watu waliotoka ofisini. Konda akanusa hewa.

"Mathe, hiyo mzigo ni ya nini?"

"Ni mboga."

"Mboga gani inanuka hivi?"

Abiria wakafungua madirisha, mvua ikaingia. Wakafunga, harufu ikarudi. Wakafungua. Tulienda hivyo hadi South B, na nikalipa viti viwili, changu na cha gunia.

Omena iliyolowa haina subira. Ukiilaza kwenye gunia inapata joto, halafu ukungu, halafu majirani. Tuliitandaza sebuleni juu ya magazeti, mume wangu akalala uso umeelekea dirishani. Mama nilipompigia simu alisema nianike alfajiri nikae hapo hapo.

"Mama, kesho niko kazini."

"Basi ndege watakushukuru."

Asubuhi nikapanda juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Nilipanga omena kwenye sakafu safi, nikaifunika kwa neti kuukuu ya mbu, nikaibana kwa mawe. Juu yake, kwenye kamba, kulikuwa na kanzu nyeupe ya mzee wa nyumba ya pili, mtu wa Lamu, imepigwa sabuni na maji ya buluu, inasubiri Ijumaa. Jua lilikuwa linatoka vizuri. Nikaenda kazini.

Saa nne keateka, mtunza ploti yetu, akanipigia.

"Madam, hebu njoo. Kuna mtu huku juu."

"Mtu gani?"

"Sijui kama ni mtu."

Wakazi wa Nairobi wanawajua wale korongo wakubwa wenye upara, wanaokaa juu ya migunga pale karibu na uwanja wa Nyayo na kuwanyea wapita njia bila kuchagua. Nyayo na South B ni majirani. Nilipofika nikihema, nimeomba ruhusa kazini kwa kusema nyumbani kuna dharura (na ilikuwepo), nilimkuta mmoja wao katikati ya paa. Kutoka mbali korongo yule ni ndege tu. Ukiwa naye paa moja, ana urefu wa mita moja na nusu, ana mfuko mwekundu unaoning'inia shingoni, ana mdomo wa kufungulia geti, na alikuwa amesimama mabega juu, mabawa nyuma, kama landilodi aliyekuja tarehe tano. Neti ilikuwa imeviringika mguuni mwake. Omena ya watu ilikuwa inaingia kooni kwake kwa mafungu.

"Mfukuze," nikamwambia keateka.

"Madam, mimi nimeajiriwa kufagia."

Hata hivyo alikuwa na ufagio, na alijaribu. Korongo alimgeukia, akagonganisha mdomo, ta-ta-ta-ta, keateka akarudi nyuma yangu. Nikarusha kiatu. Ndege akatanda mabawa, na hapo ndipo paa lilipokuwa dogo: bawa moja likapiga kamba, kamba ikakatika, kanzu ikashuka juu ya omena mbichi mbichi, naye korongo akaipitia juu akikimbia ili aruke. Korongo hawa hujinyea miguuni makusudi ili wapoe joto. Jua lilikuwa kali.

Akaruka na neti yangu. Wakati huo huo mzee akatokea ngazini, kofia kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kanzu yangu iko wapi?"

Kanzu ile niliifua mwenyewe, kwa ndimu, kwa siki, kwa kila kitu kilichokuwa jikoni. Keateka, ambaye huongeza chumvi, anadai kwamba Ijumaa iliyofuata paka watatu wa ploti walimsindikiza mzee hadi mlangoni mwa msikiti wakamngoja atoke.

Iliyobaki sakafuni, yenye unyevu, imepondwa na kukanyagwa, ilikuwa nyingi bado. Mama wa nyumba ya chini, anayefuga kuku wa mayai nyuma ya ploti, alipanda kuitazama. Aliinama, akachukua konzi, akainusa.

"Hii sasa ni ya kuku," akasema.

Tukapatana: yeye achukue gunia lote, mimi nipate trei ya mayai kila wiki hadi deni liishe. Kwa kweli sikuumia sana. Mayai huenda na sukuma, huenda na ugali, huenda na chapati siku unga ukiwepo, na mume wangu alifurahi waziwazi kuona omena ikiondoka. Alishika upande mwingine wa gunia mwenyewe, akishuka nalo anapiga mluzi.

Lakini mama yule hakuwa na mkono wa kupima. Kwa furaha ya kupata chakula bila kwenda dukani, aliwajazia kuku wake omena asubuhi na jioni. Na kuku aliyeshiba samaki, yai lake halifichi siri.

Mume wangu alikata la kwanza Jumamosi asubuhi, akatafuna polepole, akasimamisha uma.

"Haya mayai yametoka wapi?"

"Ni ya kienyeji."

"Kienyeji cha wapi?"

Nikanyunyiza chumvi kwenye langu. "Mbita."