Nyundo ya fundi haisikii kuvu

Miaka michache iliyopita nilisimama nyumbani kwa shangazi yangu, Mji Mkongwe, Unguja, nikimtazama fundi akigonga boriti za dari kwa nyundo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua nazi sokoni. "Hizi bado nzima, bi mkubwa," akasema. Shangazi, ambaye maneno ya mafundi hayamwingii kirahisi, akamtaka apande tena ngazi na ashindilie bisibisi pale boriti inapoingia ukutani. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

Fundi akasema ni mchwa. Lakini hapakuwa na vichuguu vya udongo, wala unga wa dumuzi, wala tundu hata moja. Kilichotoka ndani kilikuwa cheupe, laini, chenye kuvutika nyuzinyuzi kama makumbi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa. Hiyo ni kazi ya kuvu. Kwetu mbao ikiharibika mshitakiwa ni mchwa tu, na kuvu (fangasi kwa lugha ya dukani) tumewaachia watu wa vidole vya miguu.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za vipimo vya kuvu wa mbao, na nimepata ushabiki wangu na ugomvi wangu mahali pamoja.

Wazo lenyewe unalijua ikiwa umewahi kutobolewa kidole zahanati kwa kipimo cha haraka cha malaria. Kile kistari hutokea kwa sababu kingamwili zilizobandikwa kwenye karatasi zimeikamata protini ya kimelea. Sasa badala ya damu weka unga wa mbao uliotolewa kwa keekee, ukalowekwa na kuchujwa. Badala ya kimelea weka kuvu. Sungura hudungwa majimaji ya kuvu, mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo huvunwa na kwenda kumsaka kuvu yuleyule ndani ya boriti. Katika elisa, mbinu ambayo Eva Engvall na Peter Perlmann waliichapisha kule Stockholm mwaka 1971, kingamwili hufungwa pamoja na kimeng'enya kinachobadili rangi ya maji. Rangi ikikolea, mwizi yumo.

Watu wa mbao waliidaka mbinu hiyo miaka ya 1980. Jody Jellison na Barry Goodell wa Maine, Marekani, waliitumia kumtafuta Postia placenta, kuvu wa uozo wa kahawia. Watafiti wa Dundee, Uskoti, walimwandama Lentinus lepideus, kuvu anayestahimili hata kreosoti, ile dawa nyeusi ya nguzo. Anayenivutia zaidi ni Carol Clausen, wa maabara ya serikali ya mazao ya misitu huko Madison, Wisconsin, kwa sababu hakuridhika na sahani za maabara. Alitaka kipimo cha kwenda nacho pale mbao ilipo, kinachotumia chembe ndogo zenye rangi badala ya mashine.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu uozo wa kahawia, unaoiachia mbao rangi hiyo, ni mjanja. Kuvu wake hukatakata selulosi, nyuzi zinazoipa mbao nguvu, mapema sana, kabla hawajala kitu cha kuonekana. Uzito wa mbao unapokuwa umepungua kwa asilimia 10, au hata chini ya hapo, zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kuhimili kishindo huwa umeshakwenda. Kwa jicho bado ni mbao, na ukiigonga inaweza kulia vizuri tu. Njia ya zamani ya kuotesha kipande kwenye sahani ya agari (mgando wa kulishia kuvu maabara) huchukua wiki, na mara nyingi ukungu wa kawaida, usio na madhara kwa boriti, huwahi kuijaza sahani kabla ya mharibifu mwenyewe.

Hapo ndipo ushabiki wangu unapoishia.

Kingamwili humtambua yule iliyefundishwa kumtambua, pamoja na ndugu zake wa karibu. Na walimu wake walikuwa Wazungu wenye matatizo ya Kizungu. Chukua Serpula lacrymans, jinamizi la nyumba za Ulaya, kuvu anayeweza kusafirisha maji kupitia nyuzi zake na kuvuka ukuta wa matofali akatafute mbao nyingine. Huko uharibifu wake huitwa uozo mkavu, jina la ajabu, maana bila unyevu haanzi. Kuna kingamwili nzuri sana dhidi yake. Lakini huyu ni kiumbe wa baridi. Porini anapatikana milima ya Himalaya, hustawi kwenye nyuzi 20 hivi, na joto la nyuzi 30 humsimamisha. Ukileta kipimo chake Pemba kitajibu "hayupo" katika kila nyumba, na kitakuwa kimesema kweli, huku dari ikimshukia mwenye nyumba.

Wa kwetu ni wengine. Boriti za mikoko ni mti mgumu, na mti mgumu mara nyingi huliwa na uozo mweupe, unaomaliza pia lignini, gundi inayoishikanisha mbao. Nguzo za umeme za mikaratusi, zilizoshindiliwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, zina adui wa tatu, uozo laini, unaotafuna taratibu palepale nguzo inapokutana na udongo. Waaustralia walijifunza hilo kwa gharama kubwa miaka ya 1970, kwa nguzo za miti ya jamii hiyohiyo. Kingamwili za Postia hazitatufaa kitu hapo.

Kwa hiyo siungi mkono wanaosema tusubiri kipimo kishuke bei tukiagize. Kianzie Morogoro, kwenye chuo kikuu cha kilimo cha SUA na taasisi ya utafiti wa misitu ya TAFORI, na Muguga, Kenya, kwa wenzao wa KEFRI. Kwanza wakusanywe kuvu wa nguzo zetu na boriti zetu, wapewe majina, ndipo sungura wadungwe. Ni kazi ya miaka, na haina sherehe ya kukata utepe, nadhani ndiyo maana hakuna waziri anayeitaja.

Na hata tukikipata, mtu mwenye keekee bado atahitaji akili ya shangazi. Kipimo hujibu kuhusu unga ulioutoa, hakijui lolote kuhusu sentimita 30 pembeni. Boriti huozea kichwani, ndani ya ukuta, ambako maji hufika na hewa haipiti. Ukitoboa katikati ya dari, kwa kuwa ndiko mkono unakofika, utapewa jibu safi kabisa la mahali pasipohusika. Tena kingamwili hazikwambii kama kuvu bado yu hai au alikufa tangu ulipoziba paa.

Kwa shangazi maji yalitoka kwenye mfereji wa paa uliopasuka, na ukuta wa chokaa ulikuwa umepigwa lipu ya saruji na fundi aliyetangulia, hivyo unyevu ulioingia haukuwa na pa kutokea. Boriti nne zilibadilishwa, saruji ikabanduliwa, chokaa ikarudi. Ya tano fundi alisema iachwe, inalia vizuri.

"Bisibisi iko wapi, mwanangu?" shangazi akamwuliza.